Maua ya Sendofu Yalilala, Dogo Akaitwa Mwizi. Kumbe Chumvi!

Wadau, mnaikumbuka ile sendofu iliyochambwa mtandaoni wiki nzima kwa sababu ya maua? Sitaji jina la bibi harusi, sitaji ukumbi, na mkinifuata inboksi kuuliza sijibu. Jueni tu ni dada wa filamu za Bongo, ana wafuasi wake wa kutosha, na sherehe ilikuwa upande wa Temeke mwishoni mwa 2022. Picha mliziona wenyewe. Meza kuu imependeza, taa zimewaka, vitambaa vimenyooka, keki imepanda ghorofa, halafu katikati mawaridi mekundu yameinamisha vichwa kama watoto waliogombezwa. Watu walisema yote. Wapo waliosema bwana harusi kafulia. Wapo waliosema maua yametokea msibani Kinondoni. Mwingine akaapa kwamba ukiona maua yamelala kabla bibi harusi hajaingia, ndoa haimalizi mwaka. (Mwaka umepita, na mingine juu yake, na wawili wale bado wapo pamoja. Nasema tu.)

Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye ninayekata na kutayarisha maua kwa yule dada mpambaji aliyepewa ile kazi. Nilikaa kimya muda wote huo kwa sababu siri za wateja hatuzianiki, ila kwenye timu yetu kuna kijana mmoja, sisi tunamwita dogo tu, aliyebebeshwa mzigo usio wake. Mpaka leo kuna watu Tandika wakimwona wanashika pochi zao. Kwa hiyo leo nasema. Mnivumilie kidogo, maana kuna mahali itabidi niingie kwenye bayolojia, yale mambo ya sekondari ya kukata vipande vya kiazi na kuvitumbukiza kwenye maji ya chumvi. Nani alijua yangekuja kuokoa kitumbua cha mtu?

Kazi ilienda hivi. Mawaridi tuliagiza Arusha, yakapanda basi, dogo akayapokea Stendi ya Magufuli kule Mbezi usiku wa kuamkia sherehe. Makasha manne. Akayaleta Mbagala kwa kirikuu, tukayafungua, tukayakagua shina kwa shina. Mazuri, vichwa vimefumba vizuri, majani bado yana ubichi. Usiku ule ule nikatengeneza shada la mkononi la bibi harusi, kwa mawaridi ya kasha la kwanza, nikaliweka kwenye ndoo ya maji ya bomba tuliyokuwa tumehifadhi. Makasha mengine mawili yakaenda ukumbini asubuhi, na la nne likabaki nyumbani kama akiba.

Pale ukumbini tuliambiwa maji yapo ya kutosha, bomba liko nyuma. Kweli yalikuwepo. Tukaloweka zile sponji za kijani za kuchomekea maua, tukajaza vyombo vya mezani, tukachomeka. Saa tano asubuhi tumemaliza. Saa kumi na moja jioni, wageni wanaanza kuingia, mwenzangu akanivuta mkono: "Hebu angalia meza kuu." Shingo zote zimekatika. Nikabonyeza sponji, imelowa chapachapa. Maji yamejaa mpaka juu na maua yanakufa kwa kiu.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hakuuliza mara mbili. Alimwita dogo mbele ya watu wa chakula, mbele ya mshereheshaji, mbele ya vijana wa muziki. "Kijana, umekula cha juu kwenye maua. Haya ni ya juzi." Maana yake kwamba dogo aliyauza mawaridi mabichi kwa mpambaji mwingine, akanunua yaliyochoka kwa bei ya kutupa, chenji akatia mfukoni. Dogo alisema neno moja tu, "Hapana baba," halafu akanyamaza. Na kunyamaza kwake ndiko walikokuita ushahidi. Malipo yetu yaliyobaki, laki nane, yakazuiwa. Yule dada mpambaji naye, mtu ambaye nampenda na ninafanya naye kazi hadi leo, akamwambia dogo Jumatatu asije.

Usiku wa manane nimelala, naperuzi picha, naumia na komenti. Ndipo nikaona kitu. Shada la mkononi. Kwenye kila picha, bibi harusi kashika shada, na shada limesimama. Vuta picha uone: mawaridi yale yale, rangi ile ile, basi lile lile kutoka Arusha, yako wima kama askari wa gwaride, na nyuma yake ya mezani yamelala. Kama dogo alibadilisha maua, mbona haya hayajalala?

Hapa ndipo bayolojia inaingia.

Ukikatakata kitunguu cha kachumbari ukakinyunyizia chumvi, ukirudi baada ya dakika kumi unakuta maji chini ya bakuli. Hakuna aliyeyamimina, yametoka ndani ya kitunguu. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba unaopitisha maji kirahisi lakini unazuia vingi vilivyoyeyuka humo majini. Ndani ya seli kukiwa na sukari na chumvichumvi nyingi kuliko nje, maji yanaingia. Nje kukizidi, maji yanatoka. Hiyo ndiyo osmosisi. Mfaransa mmoja, Jean-Antoine Nollet, aliiona 1748: alifunika chupa ya pombe kali kwa kibofu cha nguruwe, akaitumbukiza majini, maji yakaingia humo hadi kibofu kikavimba. Wapika achari ya maembe na wakaushaji wa ng'onda wa Pwani hawakumsubiri Mfaransa, walikuwa wanaitumia siku zote bila kuipa jina.

Sasa petali ya waridi haina mfupa. Haina mti ndani. Kinachoisimamisha ni maji yaliyojaa kwenye seli zake mpaka kuta zimekaza, kama tairi la bodaboda linavyosimama kwa upepo. Maji yanaingia kwa sababu ndani ya seli kuna sukari inayoyavuta. Hata kufumbuka kwa ua ni kazi hiyo hiyo: waridi likianza kufunguka, linageuza wanga uliomo kwenye petali kuwa sukari, sukari inavuta maji, seli zinatanuka, petali inasukumwa nje. Ukimwona ua linafunguka mbele yako, unatazama osmosisi. Ukiona shingo imelala, upepo umetoka kwenye tairi.

Ila kuna jambo ambalo wengi tunalichanganya, na walimu wengine walilipitia haraka. Maji hayapandi kwenye shina kwa osmosisi. Ndani ya shina kuna mirija myembamba, na ile mirija haina utando wa kuchuja kitu. Ni mirija kama ule unaonywea dafu. Anayenyonya yuko juu: majani na petali zinapoteza mvuke hewani, na kila tone linaloondoka linavuta la nyuma yake, uzi mmoja wa maji kutoka chini mpaka juu. Osmosisi inafanya kazi kwenye ncha mbili. Huku juu, kwenye seli za petali. Na kule chini, kwenye mizizi.

Mizizi sasa. Mmea ukiwa shambani, maji hayaingii kwenye mirija kiholela. Yanapita kwanza kwenye seli za mzizi, na hizo seli ni kama mlinzi wa getini anayemjua kila mtu mtaani: maji pita, wewe madini fulani pita kidogo, wewe chumvi subiri hapo. Hachuji kila kitu, lakini anachuja. Ua la kukatwa limemwacha mlinzi wake Arusha. Mirija iko wazi, geti halina mtu, chochote ulichoweka kwenye chombo kinapanda moja kwa moja hadi kwenye petali. Ukiweka rangi ya bluu, waridi jeupe linageuka bluu, ndivyo wanavyotengeneza yale mnayoposti. Ukiweka chumvi, inapanda chumvi.

Na ikipanda, haishuki. Maji yanaondoka kwenye petali kama mvuke, chumvi haiondoki. Inabaki kwenye nafasi zilizo nje ya seli, inajikusanya. Kama umewahi kupita Bagamoyo ukaona vile vibwawa vya chumvi, ni mchezo huo huo: maji ya bahari yanaingia, jua linachukua maji, chumvi inabaki. Sasa fikiria hicho kibwawa kimejengwa pembeni ya kila seli ya petali. Nje kunazidi kuwa na chumvi kuliko ndani, na maji badala ya kuingia yanatoka, kama kwenye kitunguu chetu. Ua limesimama ndani ya maji linakauka. Hapo nikajua pa kuanzia, simtanki la ukumbini.

Wakazi wa Mbagala, Kigamboni, Mtoni, hata nyie wa Kinondoni mlio karibu na bahari, mnalijua hili hata bila mwalimu. Kuna maji ya bomba yanayotoka Ruvu, na kuna maji ya kisima. Visima vingine maji yake hayana shida, vingine ukiweka sabuni povu linakugomea, chai inakuwa na ladha ya ajabu, na bomba la bafuni linaota ukoko mweupe. Mji umekaa juu ya mchanga pembeni ya bahari. Watu tukichimba visima vingi na kuvuta maji kwa nguvu, maji ya bahari nayo yanasogea ndani chini kwa chini. Na mwishoni mwa 2022 ndio ule wakati mto Ruvu ulipungua, Dar nzima tukaingia kwenye mgao. Mwezi wa kumi ule hata wenye hela walikuwa wanaoga kwa kopo. Kumbi nyingi zilijaza matangi kutoka popote.

Jumapili asubuhi nikampigia dogo. Hakupokea. Nikamfuata kwao. Mama yake akanipokea vizuri, nikasema shikamoo, akaitikia, halafu akaniuliza swali lililonikaa kifuani: "Mwanangu, ni kweli mwanangu ameiba?" Nikamwambia hapana mama, ila nahitaji anisindikize.

Tulirudi ukumbini kudai vyombo vyetu. Mlinzi wa pale, kijana mwelewa, akatuachia tukinge lita kumi na mbili kutoka bomba lile lile. Dogo akalamba kwenye kiganja. Akatema. "Dada, hii ni supu." Tukamuuliza mlinzi, akacheka tu: bomba lina wiki mbili halijatoa kitu, tanki linajazwa na kisima cha nyuma. Yeye mwenyewe maji ya kunywa ananunua.

Hata hivyo, "nimelamba ni chumvi" haimrudishi mtu kazini. Na shada la mkononi peke yake halikutosha pia, kwa sababu mzee yule si mjinga. Angesema: shada lilikaa saluni kwenye kiyoyozi, ya mezani yalikaa kwenye joto. Na angekuwa na hoja, maana joto lilikuwepo, ukumbi uliwasha feni saa kumi. Kwa hiyo tukafungua lile kasha la nne. Yale mawaridi yalikuwa bado makavu kwenye kasha, yamefungwa, hayajagusa maji tangu Arusha. Tukachukua chupa tatu za lita sita, tukakata midomo. Ya kwanza maji ya bomba tuliyohifadhi. Ya pili maji ya ukumbi. Ya tatu maji ya bomba lakini nikatia chumvi ya jikoni, vijiko viwili vya chai kwa kila lita. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo mimi nilikuwa chini ya hapo sana, kama theluthi. Mawaridi kumi kila chupa, yote nimeyakata upya mshazari kwa kisu kile kile, yote meza moja, dirisha moja, joto moja.

Dogo hakulala. Alipiga picha kila baada ya saa mbili, na pembeni ya chupa aliweka saa ya ukutani ili mtu asije akasema tumepanga. Ilipofika saa kumi jioni ya Jumapili, chupa ya chumvi ya jikoni ilianza kuinama. Usiku, ya ukumbi ikafuata, sio yote kwa mpigo, moja, mbili, halafu nne. Asubuhi ya Jumatatu: maji ya bomba kumi wima na mawili yameshaanza kufunguka. Ya ukumbi saba yamelala. Ya chumvi ya jikoni yote kumi yamelala na petali zimeanza kuwa na ukingo wa kahawia, kama zimeunguzwa na pasi.

Tukapakia chupa zote tatu kwenye kirikuu, tukaenda nazo dukani kwa mzee.

Nilikuwa nimejiandaa na maelezo yangu ya seli na utando. Sikuyatumia hata nusu. Mzee alizunguka zile chupa, akasoma nilichoandika kwa kalamu, akaomba kikombe. Akachota maji ya ukumbi, akaonja, akakunja uso. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Haya maji mimi hata zege sichanganyi. Nondo zinaoza." Nikamwambia, "Ndiyo baba, na hayo ndiyo yalikuwa kwenye meza kuu." Jamani, mtu wa nondo alielewa kwa sekunde mbili kitu ambacho mtandao mzima haukuelewa kwa wiki.

Akamgeukia dogo. Msisubiri niwaambie alipiga magoti. Wazee wetu mnawajua. Alisema, "Kijana, umekula?" Akamwagizia chipsi mayai. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yenyewe.

Hela sasa. Alitupa laki nne hapo hapo, na laki nne nyingine akasema atazidai kwa mwenye ukumbi, maana yeye ndiye aliyesema maji yapo. Mwenye ukumbi akasema yeye aliahidi maji, hakuahidi maji ya maua. Tukaishia hapo. Laki nne hizo ni hewa mpaka leo. Dada mpambaji alimrudisha dogo siku ile ile na akampa siku zake mbili alizokosa, hilo nampongeza. Yule staa? Hakufuta posti yake. Ile aliyoandika kuhusu "watu wasio waaminifu" bado ipo, nimeichungulia asubuhi hii. Alitumiwa picha za zile chupa tatu, akazisoma, tiki mbili za bluu, kimya. Mimi simlaumu kwa kukasirika siku ile, ni siku yake na maua yalilala kweli. Ila kusoma na kukaa kimya wakati jina la mtoto wa watu liko juani, hapo kanipoteza shabiki.

Tangu siku ile nimekuwa yule mtu wa kuchokoza watu kuhusu maji. Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, mkubwa tu, anaishi upande wa Mbezi Beach kwenye jumba mnalolijua kwenye video, alimnunulia mpenzi wake mawaridi mia moja siku ya wapendanao. Siku ya pili yamechoka, kaniita kwa hasira kwamba nimemuuzia mabovu. Nikafika, nikalamba bomba la jikoni. Kisima. Jumba la mamilioni, bwawa la kuogelea, na maji ya jikoni yana chumvi. Kwenye kaunta alikuwa na katoni ya maji ya kunywa. Nikayamimina hayo kwenye chombo, nikakata mashina upya, jioni akanitumia picha, nusu yalikuwa yameinuka. Nusu nyingine ndio basi tena. Seli ikishakauka kupita kiasi, utando unaharibika, hata umpe maji ya Ruvu yote haishiki upepo.

Najua mtaniuliza kuhusu sukari na soda, kwa sababu kila shangazi ana dawa yake. Sukari kidogo inasaidia kweli: inaingia kwenye seli za petali, inakuwa chakula, inasaidia kuvuta maji, ua linafunguka vizuri. Kidogo maana yake kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja. Ukimwaga nusu kikombe, sukari nayo inageuka kuwa kama chumvi, inavuta maji nje. Soda nyingi zina sukari karibu gramu 100 kwa lita, kwa hiyo kumwagia ua soda tupu ni kulizamisha. Changanya sehemu moja ya soda na nne za maji. Tatizo la sukari ni kwamba bakteria nao wanaipenda, wanazaliana na kuziba ile mirija, na mrija ukiziba osmosisi haina la kufanya kwa sababu maji hayafiki. Ndio maana watu wa maua wanatia matone machache ya dawa ya klorini ya kufulia, na limau kidogo, maana maji yenye ukali kidogo yanapanda vizuri. Toa majani yote yanayozama, yakioza ni sherehe ya bakteria. Badilisha maji kila siku. Na ukikata shina, likate ndani ya ndoo ya maji, kwa sababu ukilikata hewani kapovu ka hewa kanaingia kwenye mrija na ule uzi wa maji unakatika.

Aspirini? Mimi sijawahi kuona tofauti. Shilingi kwenye chombo? Rudisha mfukoni, ni nauli ya daladala.

Kitu kingine kilichonishangaza nilipoanza kufuatilia. Kwa majirani zetu Kenya, mashamba ya mawaridi yamejazana pembeni ya ziwa Naivasha. Lile Bonde la Ufa limejaa maziwa ya magadi na chumvi: Nakuru, Elmenteita, Magadi, na huku kwetu Natron. Naivasha halina mto unaotoka juu ya ardhi, kwa hesabu za kawaida lilipaswa kuwa na chumvi kama wenzake. Lakini maji yake ni baridi, hayana chumvi, kwa sababu yanapenya na kutoka chini kwa chini na kuondoka na chumvi yake. Biashara ya waridi inayofika mpaka kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, imekaa juu ya hilo. Wenzetu walichagua ziwa kwanza, ua baadaye. Sisi tunanunua ua la bei, tunalisafirisha usiku kucha, halafu tunalinywesha chochote kilichopo nyuma ya ukumbi.

Siku hizi kwenye bei zetu kuna mstari wa maji. Madumu kumi ya lita ishirini, ya bomba, tunakuja nayo. Kamati nyingi zinaufuta huo mstari kwanza kabisa, kabla ya bajeti ya vinywaji, na mimi naurudisha. Kuna mwenyekiti mmoja Chang'ombe aliniuliza kama nawauzia maji ya uzima. Nikamwambia lipa tu baba, nitakueleza ukimaliza.

Na dogo ndiye mkubwa wa maji sasa. Tukifika ukumbini, kabla hatujashusha hata kitambaa, yeye anaenda nyuma kutafuta bomba. Wiki iliyopita tulikuwa Kigamboni, ukumbi mpya, vigae vinang'aa, meneja katuhakikishia maji ni safi kabisa, ya kisima kirefu. Dogo akakinga kiganjani, akalamba, akamtazama meneja, akamwambia "Asante kaka, mazuri," akarudi kwenye kirikuu na kuanza kushusha madumu.